Sauti ya Zamani kwa Vyombo Vipya: Uhakiki wa Besi Tuliyoisikia Gisenyi

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuukuta ukurasa huu ukichambua riwaya, tamthilia au diwani iliyotoka karibuni. Safari hii tunawaomba radhi, kwani tutahakiki gitaa. Hatukulitafuta jambo hili. Lilitujia lenyewe, tena kwa njia mbili. Kwanza, chama cha sanaa cha wanafunzi wetu kimeiandikia idara barua ya kuomba kwamba fedha zote zilizochangwa kwa ajili ya tamasha la mwisho wa mwaka zitumike kununua gitaa la besi lililotengenezwa kwa mfano wa yale ya miaka ya 1960, pamoja na amplifaya ya kuendana nalo, "ili bendi yetu ipate sauti ya zamani". Pili, tulipokuwa Gisenyi, wilayani Rubavu, pamoja na wanafunzi waliokuwa wakikusanya mifano ya Kiswahili cha mpakani, tulialikwa kusikiliza bendi ya vijana ambao tayari wanavyo vyombo vya aina hiyo hiyo. Ikawa ni bahati, maana tuliweza kusikia kwa masikio yetu wenyewe kile tunachoombwa kukigharimia. Walimu wenzetu wametutaka tuandike maoni, na haya ndiyo.

Tuanze na istilahi, kwani bila hivyo hatutakuwa watu wa Idara ya Kiswahili. Besi ni neno ambalo kila mwanakwaya analijua: ni ile sauti nzito ya nne, ya wanaume wanaosimama nyuma. Amplifaya baadhi ya wenzetu wangependa iitwe kikuza sauti. Hatuna ugomvi nao, ila katika Gisenyi nzima hatukumsikia mtu hata mmoja akilitamka jina hilo, na mwenye chombo ndiye mwenye haki ya kukiita. Neno panki ndilo lililotupa taabu. Wengi wetu tulilifahamu kwa maana ya mkato wa nywele uliowahi kuwagombanisha vijana na wazazi wao. Vijana wa Gisenyi walitueleza kwa heshima kwamba wao wanazungumzia muziki: gitaa chache, ngoma za kasi, nyimbo fupi za hasira zilizovuma Marekani na Uingereza katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Aidha, wanamuziki wa upande wa Goma hulitamka neno la Kifaransa la besi karibu sawasawa na "basi". Mwanafunzi wetu mmoja alipoambiwa na fundi wa mitambo, "Leta basi", alitoka nje kumtafuta dereva.

Onyesho lenyewe lilifanyika katika baa moja kando ya Ziwa Kivu, siku ya Jumamosi, mbele ya watu wapatao mia moja. Bendi ilikuwa na vijana watano. Mpiga besi, ambaye ndiye kiongozi, hakuficha nia yake: anaitafuta sauti ya panki ya zamani, ile ya Ramones na The Clash, na ametumia akiba ya miaka miwili kuipata. Gitaa lake ni nakala ya Fender Precision. Kwa wasioijua, hiyo ndiyo besi ya umeme iliyoanza kuuzwa mwaka 1951 na karakana ya Leo Fender huko California, wakati wapigaji wa besi walipokuwa bado wakibeba lile zeze kubwa la kusimama ambalo halikuingia ndani ya teksi wala halikusikika mbele ya tarumbeta. Ilipewa vichuma shingoni ili hata asiye fundi aweze kubonyeza noti iliyo sahihi, na ndiyo maana ikaitwa kwa jina la usahihi. Mwaka 1957 sumaku zake za kunasa sauti zilibadilishwa, zikagawanywa vipande viwili vilivyopishana, na tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Ni chombo sahili: nyuzi nne, kitufe cha sauti, kitufe cha ukali, basi.

Sahili hii ndiyo iliyowapendeza vijana wa panki. Dee Dee wa Ramones aliipiga kwa kipande cha plastiki, mkono ukishuka chini tu bila kupumzika, noti nane kwa kila mzunguko wa mapigo manne. Paul Simonon wa The Clash anajulikana zaidi kwa kuivunja: picha yake akiipigiza jukwaani New York, Septemba 1979, ndiyo iliyo kwenye jalada la albamu ya *London Calling*. Sauti hiyo iliegemea jambo jingine pia, nalo ni nyuzi. Besi za mwanzo zilifungwa nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa, laini kwa kidole, zenye sauti iliyofifia haraka. Katika miaka ya 1960 zikaja nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo, zenye mlio mkali kama wa piano. Kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilizitengeneza kwa ushirikiano na John Entwistle wa The Who mwaka 1966. Panki ilizaliwa juu ya nyuzi hizo. Na nyuma ya mpigaji, kila alipoweza kuipata, ilisimama amplifaya kubwa ya valvu. Maarufu kuliko zote ni Ampeg SVT ya mwaka 1969, yenye nguvu ya wati 300 na valvu 14, ambayo kichwa chake pekee hukaribia kilo 40 kabla hujabeba spika zake nane. Valvu ni vile vichupa vya kioo ambavyo wazee wetu wanavikumbuka ndani ya redio za zamani. Zikisukumwa kupita kiasi hazikatiki ghafla. Huanza kukwaruza polepole, kama sauti ya mtu aliyehutubia tangu asubuhi. Mkwaruzo huo ndio vijana wanaoutafuta.

Tukija kwenye tathmini, hatuna budi kusema kwamba nusu ya kwanza ya onyesho ilitushinda nguvu. Walipiga nyimbo sita au saba za Kiingereza bila kupumua, na kifua chetu kilitikisika. Hatukuelewa maneno, wala hatukuhitaji kuyaelewa. Besi ilikuwa mbele, gitaa jingine likiifuata, na kulikuwa na ukweli fulani katika ile haraka yao: vijana wasio na kazi ya kudumu, katika mji ambao mipaka yake hufungwa na kufunguliwa bila wao kuulizwa, wakipiga kana kwamba mwenye baa angewazimia umeme wakati wowote. Mhakiki anayedai kwamba muziki huo si wa hapa angetakiwa aketi pale nasi. Tulipiga makofi kwa moyo mmoja.

Nusu ya pili ndiyo iliyoharibika. Mwenye baa, akiwajua wateja wake, aliwataka wapige zilipendwa. Vijana wakakubali, wakaanza nyimbo za Kiswahili za Nairobi na Dar es Salaam ambazo nusu ya ukumbi ilizijua kwa moyo. Mpiga besi hakubadili kitu. Nyuzi zilezile, kipande kilekile cha plastiki, amplifaya ileile ikikwaruza, na mkono uleule ukishuka bila kupumzika. Mama mmoja aliyekuwa jirani yetu, mfanyabiashara wa vitenge, alijaribu kuimba pamoja nao. Mwishoni mwa ubeti wa kwanza alinyamaza, akatugeukia, akasema, "Anaimba nini huyu? Simsikii." Alikuwa akizungumzia wimbo ambao ameusikia tangu utotoni.

Kwa nini hakusikia? Jibu rahisi ni kwamba besi ilikuwa juu mno, na ni kweli ilikuwa juu. Lakini fundi wa mitambo aliishusha mara mbili, na maneno hayakurudi. Sisi tunaona kwamba tatizo lilikuwa katika nafasi, si katika ukubwa wa sauti. Wimbo wa dansi wa Kiswahili, hasa sehemu yake ya kwanza, ni hadithi. Mtu anasimulia jinsi alivyofukuzwa, alivyosingiziwa, alivyoachwa. Msikilizaji anafuata kisa neno kwa neno, na gitaa hazichukui usukani mpaka kisa kimekwisha na mwendo umegeuka kuwa wa kucheza. Kiswahili nacho kina tabia yake: silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji huivuta silabi hiyo. Besi ya dansi inalijua hilo. Hupiga, hunyamaza, humwachia mwimbaji silabi yake, kisha hujibu. Besi ya panki hainyamazi, na haikuumbwa inyamaze, kwa kuwa kazi yake ni kuwa ukuta.

Anayetaka mfano aisikilize tena *Sina Makosa* ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mjini Nairobi mwaka 1978. Besi ya Tom Malanga katika wimbo ule inajulikana hata kwa watu wasiojua jina lake. Watoto wanaweza kuiimba kwa mdomo. Ni kifungu kifupi kinachojirudia, na utamu wake uko katika mapengo. Ondoa mapengo yale, jaza kila nafasi kwa noti, na utabaki na ufunguo uleule, noti zilezile, lakini wimbo umekwenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Gisenyi. Tulisikia besi ya gharama kubwa ikipiga noti sahihi za zilipendwa, na zilipendwa hazikuwapo.

Hapa ndipo tunapotaka kuingia katika kiini cha ile barua ya wanafunzi wetu. Inazungumzia "sauti ya zamani" kana kwamba ni kitu kimoja kinachokaa ndani ya chombo. Tujiulize tumeisikia wapi sauti hiyo. Wengi wetu hatukuwahi kusimama mbele ya bendi hizo zilipokuwa katika ujana wake. Tulizisikia kwenye redio. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodiwa katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wote wakipiga kwa pamoja, na nyingine zilivuka kwenda Nairobi kutoa santuri. Uzi mzito kabisa wa besi hutoa mtetemo wa mara 41 kwa sekunde. Spika ya redio ndogo ya mkononi, yenye upana wa kiganja, haiwezi kuutoa mtetemo huo hata ukiiomba. Inachotoa ni mitetemo ya juu inayoandamana nao, na sikio la binadamu, kwa kazi ya ajabu kabisa, hujijazia lenyewe ile sauti nzito iliyokosekana. Kwa hiyo besi tuliyoipenda tulipokuwa watoto ilitengenezwa nusu na mpigaji na nusu na masikio yetu.

Santuri nayo ilikuwa na masharti yake. Mfereji wa santuri ukichorwa besi nyingi mno hupanuka na kuyumba, sindano huruka, na muda wa wimbo hupungua. Basi mafundi waliokuwa wakichora santuri walilazimika kuipunguza besi na kuibana. Mpigaji mwerevu alijua kwamba hatasikika kwa uzito, akatafuta kusikika kwa mpangilio wa noti zake. Tunasema mambo haya si kwa sababu tunapenda fizikia (mwandishi wa sehemu hii alifeli somo hilo kidato cha nne) bali kwa sababu yanaonyesha kwamba wanafunzi wetu wanaomba kununua kitu ambacho hakiuzwi dukani. Gitaa la mfano wa 1962 lipo. Redio ya nyumbani, mfereji wa santuri, chumba cha studio na sikio la mtoto havimo katika bei.

Kuna mzaha mwingine ndani ya jambo hili. Ile sauti chafu ya panki ambayo leo inanunuliwa kwa fedha nyingi ilitokana na watu waliotumia walichokuwa nacho. Na ikiwa tunatafuta ndugu wa kweli wa panki katika nchi zetu, hatutawapata kwenye nakala za Fender. Tuwatazame Konono No. 1 wa Kinshasa. Mwanzilishi wao, Mingiedi Mawangu, aliyefariki mwaka 2015, alichukua likembe, chombo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, akakiwekea sumaku zilizotokana na vyuma vya magari makuukuu ili kisikike katika kelele za jiji. Walikuwa na likembe tatu za umeme, na mojawapo ilikuwa ya besi. Amplifaya na vipaza sauti vyao vilikwaruza kwa sababu ndivyo vilivyokuwa. Albamu yao ya *Congotronics* ilipotoka mwaka 2004, wasikilizaji wa roki wa Ulaya na Marekani waliushangilia mkwaruzo ule kama ufunuo. Kadhalika mchiriku wa Dar es Salaam: vinanda vidogo vya Casio vya bei ya chini vilivyounganishwa kwenye amplifaya zilizochoka, ngoma za kasi, na mwimbaji anayepaza juu ya vyote maisha ya uswahilini. Jagwa Music walipoutoa muziki huo kwa wasikilizaji wa nje katika albamu ya *Bongo Hotheads* mwaka 2012, wengi huko waliusikia kama binamu wa panki. Lakini katika mchiriku maneno ndiyo yanayotangulia. Mkwaruzo uko chini yake, haujawahi kuyameza.

Turudi kwenye fedha, kwani mhasibu wa idara atausoma ukurasa huu. Vijana wa Gisenyi walitueleza kisa ambacho chama chetu cha sanaa hakina budi kukisikia. Amplifaya yao ya kwanza ilikuwa ya valvu, imeletwa na ndugu kutoka Marekani, imefungwa vizuri kwa blanketi. Umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Rwanda ni 230. Hakuna aliyesoma maandishi madogo ya nyuma. Waliichomeka ukutani, ikatoa mwanga, ikatoa harufu, na katika muda usiofika dakika moja ikawa meza. Mpaka leo ni meza. Tuliwekewa chai juu yake. Waliyo nayo sasa ni ya kawaida isiyo na valvu, yenye kitufe cha kuiga mkwaruzo wa valvu, na tunakiri kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyetambua tofauti mpaka tulipoambiwa. Valvu zikichoka hubadilishwa, na tulipouliza zinapatikana wapi, vijana walitazamana wakacheka.

Asubuhi iliyofuata ndipo tulipokutana na mtu ambaye, kwa maoni yetu, alikuwa na mengi ya kusema juu ya suala hili kuliko wote. Ni mzee wa miaka sabini na ushei, anaishi Mbugangari, si mbali na mpaka mdogo. Hatutamtaja jina kwa kuwa hakupenda. Alipiga besi Goma katika miaka ya 1970 na 1980, katika bendi za mahoteli ambazo hazikuwahi kutoa santuri. Alivuka kuja Gisenyi mwezi Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya Goma. Alivuka na mkewe, godoro na gitaa. Amplifaya haikubebeka. "Iko kule," alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa mlima, "chini ya mawe. Nyumba wamejenga juu yake." Baadaye alirudi Goma, akarudi tena Gisenyi, na mlima ulipopasuka mara ya pili, Mei 2021, tayari alikuwa upande huu akiwapokea wengine. Hakuwa na hamu ya kuzungumzia vita vya Januari 2025, nasi hatukumlazimisha.

Kijana wa besi alikuja naye, maana wanafahamiana. Alimwita "mzee wangu" na alimpisha kiti. Tukamuuliza mzee juu ya onyesho la jana, ambalo alilisikia kutoka barabarani. Alifikiri kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Ile besi ya mutoto iko na nguvu mingi, mwalimu. Lakini haina kinywa."

Tulimwomba aeleze. Badala ya kueleza, aliliomba gitaa la kijana. Alilipapasa nyuzi akakunja uso, kwa ukali wake. Akaomba sponji ya kuoshea vyombo, mkewe akaleta, akaikata kwa kisu na kuisukuma chini ya nyuzi, karibu na pale zinapoegemea. Akakizungusha kitufe cha ukali mpaka mwisho, kikazimika kabisa. Kipande cha plastiki alikiweka mezani. Akaanza kupiga kwa kidole gumba, taratibu, huku akizungumza nasi, na hatukukosa hata neno lake moja. Ndipo tulipoelewa. Alikuwa akipiga kati ya maneno yake. Kila aliposita kutafuta neno, besi iliingia. Kila alipolipata, ilijiondoa. Hakuwa akituonyesha hilo, wala hatudhani kwamba alijua anafanya hivyo.

Wanafunzi wetu waliosoma juu ya James Jamerson, yule mpigaji wa besi wa Motown aliyefariki mwaka 1983, watakumbuka kwamba naye alikuwa na Precision ya mwaka 1962, yenye nyuzi bapa ambazo hakupenda kuzibadilisha, na sponji chini ya kifuniko cha chuma. Mzee wa Mbugangari hakuwahi kumsikia kwa jina. Alitumia sponji kwa sababu baa za Goma zilikuwa na sakafu ya saruji na bati juu, sauti ikirudi kutoka kila upande, na mwimbaji alikuwa akimlaumu.

Tunalitaja hili kwa uzito kwa sababu Rwanda ina jeraha lake katika habari ya sauti za zamani. André Sebanani, mwimbaji wa Orchestre Impala ambaye sauti yake bado inapendwa nchini, aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Kanda zimebaki na watu bado wanazicheza. Lakini kanda haimfundishi mtu mahali pa kuweka kidole gumba, wala haimwambii kwa nini noti fulani iliachwa. Mafunzo ya namna hiyo hupita kutoka mkono hadi mkono, na katika nchi hii mikono mingi ilikatwa kabla haijafundisha. Shule ya muziki iliyofunguliwa Nyundo, hapo hapo Rubavu, mwaka 2014, na ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga, imewatoa vijana wenye ujuzi ambao tunawasikia katika bendi nyingi. Ni kazi njema. Hata hivyo mzee wa Mbugangari hajawahi kuitwa na mtu yeyote amfundishe mtu yeyote kitu chochote, na alipotuambia hivyo hakuwa akilalamika.

Kwa upande wa lugha, hasara ni ileile. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi ya Rwanda kwa kura ya Bunge mwaka 2017, na tangu hapo madarasa yetu yamejaa. Tunafundisha ngeli, tunafundisha mnyambuliko wa vitenzi, na tunajitahidi. Lakini muulize mkazi wa Gisenyi amejifunza wapi Kiswahili chake. Atakuambia sokoni, mpakani, na kwenye nyimbo. Yule mama wa vitenge hakuwahi kukaa katika darasa la Kiswahili hata siku moja, na anajua kwa moyo tenzi nzima za mapenzi na masingizio. Bendi ikipiga zilipendwa kwa namna ambayo maneno yake hayasikiki, imefunga darasa lililofundisha watu wengi kuliko sisi.

Kwa hiyo maoni yetu juu ya barua ni haya. Gitaa la besi linunuliwe, kwa kuwa bendi haina, lakini liwe la kawaida, na nyuzi zake ziwe bapa. Amplifaya ya valvu tunaikataa, kwa sababu ya volti, ya valvu zenyewe na ya uzito. Chama kina wanachama wanne wa kiume na wawili kati yao wana migongo mibovu. Fedha zitakazobaki tunapendekeza zitumike kumleta mzee chuoni kwa wiki mbili, alale mahali pazuri, alipwe kama mhadhiri mgeni, na apigwe picha za video mikono yake ikionekana. Tulimweleza wazo hilo. Alisema atafikiri, kisha akauliza kama chuoni kuna ngazi nyingi.

Haki inatutaka tuandike pia alichosema kijana wa besi, kwani alitusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Alilipokea gitaa lake, akaichomoa ile sponji kwa uangalifu, akaiweka mkononi mwa mzee kwa mikono miwili. "Nimeelewa, mwalimu," alisema. "Lakini hiyo ni ya kusimulia. Mimi sina cha kusimulia bado. Mimi nina hasira tu." Tulitafuta jibu njiani kote, kutoka Gisenyi mpaka Musanze, na hatukulipata. Alituahidi jambo moja: bendi ikiombwa tena zilipendwa, atakiacha kile kipande cha plastiki mfukoni. Nyimbo za Kiingereza atazipiga kama anavyotaka yeye, na tutakwenda kumsikiliza.